Chini ya Miberoshi Hatuandiki Majina

Sarradet, 4 Novemba 2008

Mpwa wangu Lydie,

Nina miaka themanini na moja. Vita vilikuja vikaisha, nikabaki. Viwavi wa hariri walitoweka milima yote hii, nikabaki. Reli ya bondeni ilikufa, na daktari aliyeniapia kwamba mvinyo utaniua nimemzika mimi mwenyewe, yaani nilishika kamba moja ya jeneza. Kwa hiyo usiniletee barua za kunitisha.

Natumai mguu wako haukusumbui sana na mumeo amepona kikohozi. Sisi huku ni wazima, nikisema sisi maana yake mimi na mbuzi. Kastanya, njugu za miti yetu, mwaka huu ni ndogo lakini tamu, nimeshaziweka kwenye kibanda cha moshi zikauke, na macho yanauma. Bourguet wa shamba la chini amenunua trekta jipya na bado hajui kurudi nalo nyuma.

Sasa hiyo barua ya kamati. Muhuri wa meya, na chini yake jina lako, Katibu. Umeniita "Bwana Verdelhan". Mimi bwana tangu lini? Mimi ndiye mjomba wako niliyekufundisha kukamua. Mnasema mnataka kuadhimisha familia za Valbrune zilizoficha watoto wa Kiyahudi wakati wa vita. Vema, adhimisheni. Walioficha wengi wamekufa, hawatawasumbua. Mnasema kuna mzee huko Haifa anaitwa Meir Wachtel, anamtafuta dada yake Hanne aliyefia hapa kwetu, na anataka kuichukua mifupa yake. Mmeambatanisha na karatasi ya gazeti. Mimi kusoma kwangu ni kwa kupapasa, shule niliiacha nifuate mbuzi, lakini hapo nilisoma mpaka mwisho: "mtoto alizikwa shambani bila hata jina, kama kinyama kidogo."

Kama kinyama! Mwambie huyo aliyeandika apande huku nimwoneshe alipolala baba yangu. Nimwoneshe na babu yangu. Hawana hata kokoto.

Hanne hatoki. Nimemaliza.

Mjomba wako,
Siméon Verdelhan

*

Alès, 19 Novemba 2008

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo. Kikohozi cha Gérard kimehamia kwangu. Mguu ndio ule ule, wataupasua baada ya mwaka mpya. Asante kwa jibini, ilifika imevunjika lakini tuliila.

Samahani kwa "Bwana". Barua ya kamati huandikwa hivyo, na kama ningeandika "Mjomba" meya angecheka. Gazeti nalo limenikera, nimeshawaandikia. Yule kijana anatoka Paris, hajui kwamba watu wetu huzikwa kwenye mashamba yao bila mawe. Aliona matuta, miberoshi mitatu na nyasi, akadhani tumemtupa.

Lakini mjomba, Bwana Meir si gazeti. Unamkumbuka kwa jina la Manfred. Anaandika vizuri sana, tena kwa maneno ya huku kwetu, mpaka "bonde" analiita kama bibi alivyoliita. Anasema mwaka wa arobaini na tatu alipovushwa kwenda Uswisi, Hanne alikuwa na homa, hakuweza kutembea. Bibi Zélie, mama yako, alimwambia mlangoni: "Nenda, atakufuata akipona." Amekaa na neno hilo maisha yake yote. Sasa anataka dada yake alale Haifa, mahali ambapo yeye mwenyewe atalala. Ni ombi la kawaida la ndugu.

Swali langu ni dogo. Amelala wapi hasa, mjomba? Chini ya mberoshi gani? Mama yangu hakuniambia kamwe, na sasa mama hayupo. Aliyebaki anayejua ni wewe tu. Huna mtoto. Sarradet siku moja itanunuliwa na watu wa mjini watakaotaka bwawa la kuogelea. Ukiondoka, nani atajua?

Wako mpwa,
Lydie

*

Sarradet, 7 Januari 2009

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya theluji, tarishi hakupanda. Halafu alipanda, mimi nikawa sina wino. Halafu nikapata wino. Heri ya mwaka mpya. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Bourguet ameingiza trekta mtaroni, nikamvuta na ng'ombe wangu, na nitamkumbusha jambo hilo mpaka siku ya kiama.

Umeuliza nikiondoka nani atajua. Siondoki.

Umesahau mambo ya kwenu kwa kukaa mjini, ngoja nikukumbushe. Wakati wa wafalme, sisi Waprotestanti tulikatazwa makaburi. Askari walikuwa wakiusikia msiba wanafuata, wanaufukua mwili, wanauburuta njiani ili wengine waone. Ndipo wazee wakaanza kuzikia kwenye matuta yao, usiku usiku, bila jiwe, bila jina, wakapanda mberoshi tu. Anayepaswa kujua anajua. Wafalme wamekwisha, sisi hatujabadili. Kwa hiyo mtoto wa watu tulipomlaza pale hatukumtupa. Tulimlaza kama Verdelhan. Hakuna heshima nyingine nyumba hii iliyo nayo zaidi ya hiyo, mwambie Haifa.

Na mwambie hivi pia, maana naona kamati yenu inamsifu mchungaji na mwalimu tu, kana kwamba watoto walikuwa wakilala kwenye vitabu. Walilala kwetu! Juu, darini, kwenye vitanda vya viwavi wa hariri. Baba alikuwa mfungwa Ujerumani. Mwanamume nyumbani nilikuwa mimi, nina miaka kumi na tano na kifua kama mlango. Askari walipopanda, mama alifungua mlango na kuwapa supu ya kastanya ya moto sana, makusudi, ili wachelewe kuimeza, na mimi nikawatoa watoto kwa dirisha la nyuma mpaka msitu wa juu. Manfred nilimbeba mgongoni. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi na analia. Mlima mzima nilimbeba. Hayo hayamo katika karatasi yenu.

Usiniulize tena mahali.

Mjomba

*

Alès, 2 Februari 2009

Shikamoo mjomba,

Pole kwa mwana-mbuzi. Wamenipasua mguu Jumanne, naandika nimelala, hivyo mwandiko wangu leo unafanana na wako.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniambia habari za wafalme, za supu, za kifua chako. Nilichouliza hukujibu. Nimejiuliza kama umesahau mahali penyewe. Halafu nikajicheka: wewe unajua kila mbuzi aliyekufa alifia wapi.

Basi kuna kitu. Mama yangu pia alikuwa hivyo. Tulipokuwa wadogo tukikimbilia miberoshi, alituita turudi kwa sauti ambayo hakuitumia mahali pengine. Mnaficha nini ninyi Verdelhan?

Bwana Meir ameandika tena. Sikunakilii barua nzima, kuna mambo yake ambayo hayanihusu kusema. Nakupa mstari mmoja: "Hanne aliogopa kulala peke yake. Nikishika mkono wake tu, alilala. Niliuachia mkono huo mlangoni kwenu." Ndiyo sababu yake. Hana ugomvi nanyi, mjomba. Hataki tu awe peke yake.

Usinijibu kwa habari za Bourguet.

Lydie

*

Sarradet, 1 Machi 2009

Mpwa wangu Lydie,

Pole na mguu. Chemsha majani ya mforosadi, uukande. Bourguet hajambo.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuwashia moto jikoni. Sina mazoea ya kuandika kitu ambacho sijawahi kukisema. Mama yako, Mungu amrehemu, alikula kiapo pamoja nami mbele ya mama yetu, na yeye amekitunza mpaka kaburini. Mimi nitakivunja kwa sababu ya ule mstari. Siku nyingine usininukulie mistari.

Hanne alikufa Februari ile ya arobaini na nne, kifua kilimbana. Daktari alikuja kwa miguu toka bondeni, Mkatoliki, hakuuliza jina, hakusema kwa mtu. Ardhi ilikuwa chuma. Niliwasha moto juu ya tuta ili iyeyuke, nikachimba, nikawasha tena, nikachimba. Mama alimfunga katika shuka yake ya harusi. Hatukuzijua sala za kwao, mama akasema tusome zaburi, zaburi ni za kwao kabla hazijawa zetu. Kisha tukatandaza majani ya kastanya juu, pasionekane udongo mpya.

Tangu siku hiyo mama hakupita pale bila kusimama. Baba aliporudi toka Ujerumani alimkuta hivyo. Baba akafa, tukamlaza tuta la juu. Halafu mwaka wa sitini na moja mama naye akaanza kulegea. Akatuita, mimi na mama yako. Akasema: "Msinilaze na baba yenu. Yeye ni mtu mzima, amezoea. Nilazeni na mtoto." Mama yako akasema, mama, watu wataonaje? Akasema: "Watu wataona nyasi. Nilimwambia kaka yake atamfuata. Hakumfuata. Sasa alale na nani?"

Nilichimba mwenyewe. Nilipoona kitani niliacha jembe, nikaendelea kwa mikono. Tulimlaza mama kwa ubavu, akimwelekea.

Sasa umejua. Yuko chini ya mberoshi wa kati. Mkitaka kumtoa Hanne mtamfungua bibi yako na kuuondoa mkono wake. Njooni na jembe lenu. Mimi nitakuwa nimekaa pale juu, na sitasogea.

Siméon

*

Alès, 11 Aprili 2009

Shikamoo mjomba,

Nimenyamaza mwezi mzima, unisamehe. Gérard hajambo. Natembea kwa mkongojo.

Nililia, basi, sina la kuongeza. Kisha nikampigia Bwana Meir na kumsomea barua yako neno kwa neno. Hata ile ya kukaa juu na kutosogea. Halafu akauliza: "Kwa ubavu gani?" Sikujua. Akasema atakuja kuuliza mwenyewe.

Anafika katikati ya Mei pamoja na binti yake Tirza. Mimi siwezi kupanda njia ya Sarradet na mguu huu. Utakuwa peke yako nao. Mjomba, nakuomba kwa jina la mama: oga, na usianze na habari ya kumbeba.

Lydie

*

Sarradet, 24 Mei 2009

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilioga.

Alishuka garini, mzee mnene, kofia ya jua. Aliniangalia toka chini mpaka juu. "Wewe ndiye Siméon? Umezeeka vibaya."

Nikamwambia: "Na wewe umenenepa. Nakumbuka nilivyokubeba..."

"Nani alimbeba nani? Nilitembea kwa miguu yangu! Wewe ulibeba jibini, na uliila yote kabla hatujafika juu."

"Uongo!"

"Ulitupa ganda, nikaliokota nikala mimi."

Yule binti akashika kiuno: "Baba, tumeruka bahari kuja kugombania jibini?" Basi tukaingia ndani. Nikawapa supu. Alikula polepole, akaomba tena. Muda wote alikuwa akitazama ngazi ya darini.

Halafu tukaenda kwenye miberoshi. Alipumzika njiani mara nyingi, rangi yake ilikuwa mbaya. Kuna jambo ulinificha, Lydie, na mimi nina macho. Nikamwonesha. Akauliza ubavu gani. Nikasema wa kulia, mtoto yuko mbele yake, hapa, penye hili jani la kangaga. Akashuka, magoti yakilia kama mlango, akaweka kiganja kwenye nyasi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alisoma kitu kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Nikavua kofia, kisha binti akaniashiria niivae, kwao ndiyo heshima. Nikaivaa.

Akasema: "Mwacheni. Siwezi kumtoa mtoto mikononi mwa mtu."

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa tayari kumpa asali.

"Lakini jiwe nitaweka," akasema. "Jina lake."

"Hapa hakuna jiwe."

"Siméon. Wale walitaka lisibaki hata jina. Mimi nataka libaki. Sina hoja nyingine."

"Na wale wa mfalme walitafuta majina wapate kufukua. Mama yangu hana jiwe. Nami sina hoja nyingine."

"Mfalme amekufa!"

"Wote hufa, halafu hutokea mwingine. Wewe hasa ndiye wa kunifundisha hilo?"

Tirza akaketi juu ya ukuta: "Mungu wangu, wamekuwa wawili."

Tulikaa, tumechoka wote. Jua likageuka. Mwisho mimi ndiye niliyetoa shauri, andika hilo katika kamati yenu. Ukuta wa tuta lile unashikilia udongo wao, nami ndiye fundi wa kuta bonde hili zima, wengine wanapanga mawe tu. Nikasema: nitachonga jiwe, nitaliingiza ukutani, karibu na vichwa vyao, lakini uso wenye maandishi utazame ndani. Waliolala humo watalisoma, mpita njia ataona ukuta.

Akafikiri. "Jina la mama yako nalo," akasema.

"Mama hakuomba."

"Hanne naye hakuomba."

Akaniandikia kwenye karatasi, nami nikafuata mistari kwa tindo, siku mbili: HANNE WACHTEL, chini yake ZÉLIE VERDELHAN. Herufi za kuchonga ni rahisi kuliko za wino, hazikimbii. Tuliliingiza pamoja. Yaani mimi niliingiza, yeye aliweka mkono. Lilipozama ukutani alitazama upande ule mtupu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali bei asiyoipenda. Wakaondoka.

Hakuaga vizuri. Mimi pia sikuaga vizuri.

Siméon

*

Alès, 18 Agosti 2009

Shikamoo mjomba,

Joto huku halivumiliki. Sisi wazima.

Tirza amepiga simu jana. Bwana Meir amefariki, ni moyo. Alijua tangu mwaka jana, na ndilo nililokatazwa kukuambia. Anasema baba yake aliporudi aliwaeleza wote habari ya bibi: mkono, ubavu, shuka. Akiulizwa, "Na jina je?" alikuwa akijibu, "Limo," halafu anageuza maneno.

Tirza hakuomba kitu. Mimi pia siombi. Nilitaka ujue.

Kamati itakuwa na hafla tarehe kumi Oktoba. Kiti chako kipo, ukija au usipokuja.

Lydie

*

Sarradet, 27 Septemba 2009

Mpwa wangu Lydie,

Marahaba. Nisalimie Gérard. Nilimwandikia Tirza rambirambi, mistari minne, sijui kama imesomeka. Huku mvua za vuli zimeshuka kwa fujo kama kawaida yake, mto umebeba daraja la mbao na kuku wanne wa Bourguet. Mimi nimechoka. Nalisema mara moja tu, usilizoee.

Kwenye hafla siji. Kumsikiliza meya saa nzima, kwa umri huu, hapana. Kiti mpeni mwenye mguu mbaya, yaani wewe.

Lakini lazima nikuarifu jambo la ukuta, usije ukalisikia kwa watu likiwa limepotoshwa. Maji yalijaa nyuma ya tuta la miberoshi, ukuta ukatunga tumbo. Kila fundi anajua ukuta wenye tumbo hauachwi mpaka ujifungue. Nikaubomoa pale kati na kuupanga upya, peke yangu, jiwe moja moja. Nilipofika kwenye lile jiwe nikalijaribu kama lilivyokuwa. Halikukaa. Nikalijaribu tena. Mgongo wake una nundu, linayumba. Kwa kuligeuza likakaa kama yai kwenye kiota. Ni mambo ya ufundi. Hakuna mtu aliyenishawishi, aliye hai wala aliyekufa.

Kwa hiyo sasa uso unatazama njiani.

Juzi nilikuwa juu naokota kastanya, wakapita vijana wawili wa mjini na mabegi mgongoni. Msichana akasimama. Akapitisha kidole kwenye mawe, akasoma kwa sauti, "Hanne Wachtel." Alilitamka vibaya. Nikampigia kelele toka juu: "Si hivyo! Anza kwa pumzi! Hanne!" Akashtuka, akatazama juu akitafuta nani anamwambia. Kisha akalirudia, sawasawa. Na la mama yangu akalisoma. Sijapata kusikia jina la mama likitoka kinywani mwa mtu mwingine tangu mama yako alipofariki.

Wakaendelea na njia.

Mwandikie Tirza kwamba linasomeka. Mwambie ni sababu ya tumbo la ukuta. Na kama yeye au wewe hamniamini, muulizeni Bourguet: alikuwa amesimama na trekta lake njiani, hajui kurudi nyuma, akaniona nikilijaribu lile jiwe upande mmoja na upande mwingine. Ni Mkatoliki, hanipendi, na hajawahi kunisitiri kwa lolote. Yeye atawaambia.

Mjomba wako,
Siméon Verdelhan